Amechelewa, au Hatujamtazama? Kusoma Maendeleo ya Mtoto Mdogo Kupitia Mchezo Wake

Kila baada ya wiki chache huzunguka katika makundi ya WhatsApp ya akina mama orodha ile ile iliyobadilishwa picha tu: mtoto wa miezi 12 awe anatembea, wa miezi 18 awe na maneno 50, wa miaka 2 awe anahesabu hadi 10 na kutaja rangi. Chini ya orodha hufuata maswali ya watu walioingiwa na hofu. Mmoja anaandika kwamba mwanawe ana miezi 15 na bado anasimama dede tu. Wa pili anamjibu amfukie miguu mchangani. Wa tatu anashauri kigari cha kujifunzia kutembea. Wa nne anafunga mjadala kwa kusema kwamba hata mume wake alichelewa na leo ni mhasibu. Hakuna anayeuliza mtoto huyo hufanya nini anapoketi sakafuni na kucheza, ilhali sehemu kubwa ya jibu iko hapo.

Tuanze kwa kutenganisha maneno mawili ambayo mazungumzo ya mtaani huyachanganya. Ukuaji ni kuongezeka kwa mwili: kilo, urefu, mzingo wa kichwa. Huo ndio unaopimwa mtoto anaponing'inizwa kwenye mizani kliniki na nukta kuwekwa kwenye kadi yake. Maendeleo ni kuongezeka kwa yale anayoyaweza: kushika, kutembea, kuelewa, kusema, kuwazoea watu na kuwaonea haya. Mkulima anaijua tofauti hii bila kufundishwa, kwa sababu mhindi unaweza kurefuka hadi kumpita mtu kichwa na bado usitoe mbelewele. Mambo haya mawili huathiriana, kwani mtoto mwenye utapiamlo hana nguvu za kucheza, lakini moja halithibitishi jingine, na mama aliyeambiwa kwamba kilo za mwanawe ziko sawa hajaambiwa chochote kuhusu masikio yake.

Kiswahili hakina neno moja la mtoto aliyetoka kwenye uchanga lakini hajafikia umri wa kutumwa dukani. Tuna maneno ya vitendo vyake, kama kusimama dede na kwenda tata, jambo ambalo kwa maoni yangu linaonyesha kwamba wazee wetu walimtambua mtoto huyu kwa anachokifanya kuliko kwa miezi yake. Katika makala haya nitamwita mtoto mdogo, nikimaanisha aliye kati ya mwaka 1 na miaka 3.

Sasa tuzirudie zile orodha. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano, zikiwemo Ghana na Oman, na mwaka 2006 likachapisha umri ambao watoto hao walifikia hatua sita za viungo. Kutembea bila kushikwa kulianzia karibu na miezi 8 kwa waliowahi sana na kuishia karibu na miezi 17 na nusu kwa waliochelewa, na wote walikuwa wazima. Watoto takriban 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja. Walijiburuta kwa njia nyingine au walisimama na kuondoka. Umri wa hatua fulani, kwa hiyo, hufanana na muda wa wageni kufika kwenye harusi. Kadi imeandikwa saa 12 jioni, wapo wanaofika saa 11 na nusu, wapo wanaoingia saa 2 usiku, na wote hula pilau ile ile. Anayestahili kupigiwa simu ni yule ambaye ukumbi unakaribia kufungwa na hajaonekana.

Kinachowachanganya wazazi zaidi ni kwamba orodha zenyewe hazipimi kitu kimoja. Baadhi hutaja umri ambao nusu ya watoto wamefikia hatua, na ukiisoma orodha ya namna hiyo kama sheria, nusu nyingine ya watoto wote duniani inageuka kuwa imechelewa. Ndiyo maana mwaka 2022 taasisi ya afya ya umma ya Marekani, CDC, iliirekebisha orodha yake ili kila hatua iwekwe kwenye umri ambao angalau watoto 75 katika kila 100 wameifikia. Ujumbe wa simu hausemi unatumia kipimo kipi, na kwa kawaida aliyeusambaza naye hajui.

Jambo la pili ambalo orodha hailisemi ni kwamba maendeleo hayaotei tu mwilini kama meno. Katika miaka ya 1970 mtafiti Charles Super alikaa katika kijiji cha Kokwet, kwa Wakipsigis wa magharibi mwa Kenya, na akaona kwamba watoto wa hapo walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa tofauti ya mwezi mmoja hivi. Walakini hawakuwatangulia katika kutambaa. Sababu haikuwa damu. Akina mama wa Kokwet waliwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi. Waliwachimbia kijishimo ardhini na kuwaegemeza humo ili mgongo uzoee kunyooka, lakini kutambaa hakuna aliyekutilia maanani. Kila kiungo kilikwenda kasi pale kilipopata mazoezi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtoto anayeonekana kuwa nyuma katika jambo fulani ni kama amewahi kupewa nafasi ya kulijaribu. Mtoto anayeshinda mgongoni kwa dada wa kazi kwa sababu sakafu ni chafu hana pa kujifunzia kusimama, na kosa si la miguu yake.

Nafasi hiyo ya kujaribu ndiyo tunayoiita mchezo. Mchezo, kwa maana inayotuhusu hapa, ni tendo ambalo mtoto amelichagua mwenyewe, analirudia bila kulazimishwa, na haogopi kulikosea. Mtu mzima akimkalisha mtoto na kumwambia ataje rangi za vibao, hilo ni somo, hata kama vibao vimenunuliwa kwenye duka la vitu vya kuchezea. Tanzania ilipozindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, neno uchangamshi lilianza kusikika zaidi kwa wahudumu wa afya na walezi wa vituo vya kulelea watoto. Wapo waliolielewa kama kumfundisha mtoto mapema. Maana yake ni nyepesi kuliko hiyo: kumpa mtoto kitu cha kushika, mtu wa kumjibu na muda wa kutosha.

Nitaeleza dakika 10 nilizozitumia kumtazama mtoto wa dada yangu uani kwetu, alipokuwa na miezi 17. Alikuwa na sufuria mbili, vifuniko vitatu na gunzi la hindi la kuchoma. Alichukua kifuniko kikubwa akakiweka juu ya sufuria ndogo, kikaanguka. Akakiweka tena, kikaanguka, naye safari hii alikitazama kilivyozunguka sakafuni hadi kikanyamaza. Mara ya tatu hakukiweka juu. Alikiingiza kwa ubavu, akakigonga ukingoni, akageuka kumtazama mama yake aliyekuwa akichambua mchicha, kisha akakitazama tena kifuniko. Mama yake alisema, "Hakitoshi, eeh? Kikubwa hicho." Mtoto akakitupa na kuchukua cha kati, ambacho nacho hakikutosha, na hakuonekana kusikitika. Baadaye aliliokota gunzi, akalipakata, akaliegemeza begani, akavuta kipande cha khanga kilichokuwa kwenye kamba na kumpelekea mama yake. Alimpa kitambaa, akampa gunzi, kisha akageuka na kumpa mgongo, akasubiri.

Katika dakika hizo hakusema neno hata moja, na nyumbani tulikuwa tumeanza kunong'ona kwamba amechelewa kusema. Lakini tazama yaliyopita mbele yetu. Kubadilisha namna ya kukiweka kifuniko baada ya kushindwa mara mbili ni kufikiri, kwani alikuwa akijaribu wazo jipya, hakuwa akirudia la zamani. Kumtazama mama, kisha kifuniko, ni kumshirikisha mtu mwingine katika jambo analolishughulikia, na mazungumzo yote ya binadamu huanzia hapo: wawili wanaangalia kitu kimoja na kila mmoja anajua kwamba mwenzake anakiangalia. Kumpa mama mgongo na kungoja ni sentensi kamili iliyosemwa kwa mwili, "nibebeshe mtoto wangu." Na lile gunzi ndilo kubwa kuliko yote. Mtoto anajua kwamba gunzi si mtoto, muda mfupi kabla alikuwa akilitafuna, lakini ameweza kukifanya kitu kimoja kisimame mahali pa kingine. Neno nalo ni hivyo hivyo, sauti inayosimama mahali pa kitu. Mtoto anayebeba gunzi mgongoni, au anayepeleka kiganja sikioni na kujifanya anaongea na simu, anaonyesha kwamba mlango ambao maneno hupitia umekwisha kufunguka.

Kutazama kwa namna hii kuna historia, na sehemu yake imetokea kwa majirani zetu. Katikati ya miaka ya 1950 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwatembelea akina mama na watoto wao katika vijiji vya Buganda, karibu na Kampala, akawa anakaa nao sebuleni na kuandika alichokiona. Aliona kwamba mtoto aliyeanza kutambaa humwacha mama yake, huenda kuchunguza kitu, hugeuka kumtazama, hurudi kumgusa, kisha huondoka tena. Kumbe kumng'ang'ania mama na kuchunguza dunia havipingani. Mtoto anayejua kwamba mama yupo ndiye anayethubutu kwenda mbali. Wazo hilo, ambalo leo hufundishwa vyuoni karibu duniani kote, lilipata nguvu kutokana na sebule za Buganda. Kwa mzazi maana yake ni kwamba mtoto anayekimbilia sketi ya mama mgeni anapoingia hajadekezwa kupita kiasi, na kwamba kukaa karibu naye anapocheza, hata bila kufanya lolote, tayari ni msaada.

Wengi wetu hukosea tunapotaka kufanya zaidi ya hapo. Mjomba anamwona mtoto akihangaika na kifuniko, anakipokea, anakifunika barabara, anapiga makofi. Mchezo umekwisha, na aliyejifunza ni mjomba. Upande wa pili yupo anayesema mwache tu, atajua mwenyewe. Msaada unaofaa uko kati ya hao wawili, na mfano wake naupata kisimani. Anayekutwika ndoo hakubebei. Anainyanyua pamoja nawe hadi ifike kichwani, kisha anaondoa mikono, na njia ni yako. Kwa mtoto mwenye vifuniko, kumtwika ni kusogeza kile kidogo karibu na mguu wake bila kusema kitu. Kwa aliyebeba gunzi, ni kumuuliza, "Mtoto amelala? Ana njaa?" na kungoja jibu, hata likiwa ni kulipeleka gunzi kifuani. Kungoja ndiko kugumu. Jaribu kuhesabu kimyakimya hadi tano baada ya kumuuliza mtoto swali, uone jinsi ulimi unavyowasha kutaka kumjibia.

Vifaa visiwe kisingizio. Mwiko, kawa, ndoo ndogo, mchanga, maji ya kumwaga na kuchota, mpira wa matambara, boksi la kuingia na kutoka, vinatosha kwa mtoto wa umri huu, na mara nyingi vinazidi kitu cha kuchezea cha betri, kwa kuwa kitu hicho kinajua kufanya jambo moja tu na hulifanya chenyewe huku mtoto akitazama. Vidole vitakavyoshika kalamu baadaye huandaliwa kwa kukanda unga, kuchuma majani ya mchicha na kubandua maganda ya yai. Sioni haraka ya kumpa mtoto wa miaka 2 na nusu daftari la kufuatisha herufi, ingawa najua shule zinazojitangaza kwa hilo. Cha kuangalia ni usalama: visoda, punje za maharage na karanga, na zaidi ya vyote zile betri bapa ndogo za rimoti na saa, visiwe karibu na mtoto anayepeleka kila kitu kinywani, na ndoo yenye maji isiachwe naye peke yake hata kama maji ni machache.

Yapo maneno yanayorudiwa sana mtaani ambayo humchelewesha mzazi kuchukua hatua au humchukulisha hatua isiyofaa. La udata ni mojawapo. Mtoto asiposema, wapo wanaosema akatwe ngozi nyembamba iliyo chini ya ulimi. Ngozi hiyo ikiwa fupi inaweza kusumbua kunyonya, au baadaye kutamka baadhi ya sauti, lakini haimzuii mtoto kuelewa maneno wala kujaribu kuyasema, na wembe wa mtaani unaweza kumletea damu nyingi na maambukizi. Kigari cha magurudumu anachotumbukizwa mtoto ili ajifunze kutembea hakimfundishi. Humfanya ajisukume kwa ncha za vidole bila kujifunza kujizuia asianguke, na ajali zake ni nyingi kiasi kwamba Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Kwamba wavulana huchelewa kusema kuna ukweli kidogo, kwa wastani wasichana hutangulia, lakini tofauti ni ndogo na haitoshi kumweleza mvulana wa miaka 2 aliye kimya.

Lugha mbili nazo zimesingiziwa mno. Bibi anaongea Kihaya, mama Kiswahili, na jirani anashauri lugha moja iachwe ili mtoto asichanganyikiwe. Mtoto anayekua na lugha mbili huweza kuwa na maneno machache katika kila moja, lakini ukiyajumlisha yote huwa hayuko nyuma, na kuchanganya lugha katika sentensi moja ni kutumia alichonacho. Kumkataza bibi lugha yake ni kumpunguzia mtoto mtu wa kuzungumza naye.

Kinachopunguza maneno kweli ni runinga inayowashwa asubuhi na kuzimwa usiku, na simu anayopewa mtoto ili ale. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi kabisa muda wa skrini kwa mtoto wa mwaka 1, na kwa wa miaka 2 unataka usizidi saa 1 kwa siku. Wazazi hubisha kwamba mtoto amejifunza kuhesabu kwa Kiingereza kutoka kwenye katuni. Huenda ni kweli, lakini nimewaona watoto wanaohesabu hadi 20 na hawawezi kuomba maji. Mazungumzo ni kurushiana mpira. Katuni hurusha tu, haidaki, na haina habari kama mtoto amejibu au amesinzia.

Kuhusu kuhesabu maneno, Kiswahili chenyewe kinahitaji uangalifu. Orodha zilizotafsiriwa husema mtoto wa miaka 2 aunganishe maneno mawili. Sasa "sitaki" ni maneno mangapi? Kwa mtoto anayejifunza Kiingereza wazo hilo linahitaji maneno kadhaa, sisi tumelikunja ndani ya moja. Watafiti wa isimu waliowarekodi watoto wadogo wa Nairobi walionyesha kwamba mwanzoni watoto mara nyingi huacha viambishi vya mwanzo wa kitenzi na kubakiza shina, na ndiyo maana tunasikia "taki" na "taka maji". Hayo si makosa ya kumsahihisha kwa ukali. Mjibu kwa kulirudisha neno zima, "Unataka maji? Haya, maji haya hapa," kisha mhesabie "taka maji" kama maneno mawili, kwa sababu ni maneno mawili.

Pamoja na uvumilivu wote nilioutetea, zipo dalili zisizongoja. Mtoto ambaye katika miezi 18 hatembei mwenyewe, haonyeshi kitu kwa kidole ili mwingine akione, hageuki akiitwa jina, au hana neno lolote. Aliyefikisha miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili. Anayetumia mkono mmoja tu huku mwingine ukiwa umekunjwa wakati wote. Na zaidi ya wote yule aliyekuwa na maneno au vitendo akavipoteza, hao wapelekwe kuonekana na mtaalamu bila kusubiri siku ya kupima kilo. Kwa mtoto asiyesema, kipimo cha masikio kitangulie, kwani maambukizi ya sikio yanayojirudia yanaweza kumfanya asikie kama mtu aliye ndani ya maji bila yeyote nyumbani kutambua. Mtoto njiti ahesabiwe umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa hadi afikishe miaka 2 hivi. Aliyewahi kwa miezi 2, akiwa na miezi 14, alinganishwe na wa miezi 12.

Tanzania mtoto hurudi kliniki akiwa na miezi 18 kwa chanjo ya pili ya surua na rubela, na hiyo ni nafasi nzuri ya kuuliza maswali haya, ingawa foleni ni ndefu na mtoto akiona sindano huwa hachezi wala hasemi. Dada yangu alikwenda na daftari lenye maneno manne ya mtoto wake, pamoja na tarehe alizoyasikia, na video ya nusu dakika ya gunzi na kipande cha khanga. Muuguzi aliitazama mara mbili. Akauliza kama mtoto hugeuka akiitwa na mtu aliye nyuma yake, akauliza runinga huwashwa saa ngapi, kisha akaandika pembeni mwa kadi kwamba warudi akifikisha miaka 2, na kwamba waje na daftari.